Kaburi la Mgomba

Kalisti alikuwa na kipaji kimoja kinachotafutwa sana hospitalini: aliweza kumfanya mtu atulie. Watu huja kupigwa CT scan na hofu zao, wengine wanatetemeka, wengine wanaongea bila kituo, na mtu akitikisika ndani ya ile pete kubwa picha inaharibika na kazi inaanza upya. Kalisti humwekea mgonjwa mto chini ya magoti, humfunika blanketi lenye joto, humwambia kwa sauti ya chini ashike pumzi kidogo tu, na mgonjwa hutii. Kwenye kliniki ya Gaithersburg, karibu na Washington, alipofanya kazi, mgonjwa msumbufu alipelekwa moja kwa moja kwake. Akisifiwa hakukataa. Mhaya hana kawaida ya kumkatalia mtu anayemsifia.

Alikuja Marekani mwaka 2001 kwa bahati nasibu ya green card, yeye na mkewe Domina na binti yao Anitha aliyekuwa na miaka mitatu. Alibeba boksi kama wenzake. Walipanga chumba kimoja Langley Park, akaogesha wazee wa watu kwenye nyumba za kulelea, akasoma jioni huku anasinzia, mpaka akapata cheti cha kuendesha mashine za picha. Domina alipata kazi kwenye duka la dobi, upande wa kurekebisha nguo, na mkono wake ulikuwa mwepesi kiasi kwamba wateja walimsubiri yeye. Sasa walikuwa na nyumba yao, Anitha alikuwa ameolewa anaishi Columbia, na mtu akiwatazama kanisani Jumapili angesema hawa wamefika.

Kilichokuwa kinamla Kalisti hakikuonekana kanisani.

Mwaka 1995, kabla ya Anitha, Domina alijifungua mtoto wa kike huko Bukoba kabla miezi haijatimia. Alitokwa na damu nyingi, akapoteza fahamu, na kitoto kikawekwa kwenye boksi lenye balbu ya umeme kipate joto. Kalisti alikaa nacho siku mbili. Muuguzi alikibatiza kwa maji ya bomba, akakiita Anna, kama Domina alivyokuwa ametaka. Jioni ya siku ya pili daktari akamtuma Kalisti akatafute watu wa kumtolea mkewe damu. Alidandia lori la ndizi mpaka kijijini, akarudi kesho yake na ndugu yake Silvanus na vijana wawili wa jirani. Damu ile ilimwokoa Domina. Mtoto alikuwa amekufa, na kwa kuwa hapakuwa na ndugu wa kumpokea, na chumba cha maiti kilikuwa kimejaa, wahudumu walikuwa wamekwisha kumzika nyuma ya hospitali pamoja na wengine. Mmoja wao alimpeleka Kalisti akamwonyesha kwenye uzio wa miti. Udongo ulikuwa umefukuliwa sehemu nyingi, na yule mhudumu hakuweza kusema sehemu ipi ni ya nani.

Domina alipozinduka, akaambiwa, aliomba jambo moja tu: mtoto wake akazikwe nyumbani, kwenye kibanja, shamba la migomba la ukoo, karibu na bibi mzaa babu. Kalisti hakuwa na moyo wa kumwambia mtu asiyeweza hata kuinua kichwa kwamba mwanawe yuko shimoni na watoto wa watu. Akaitikia. Akatengenezesha kisanduku cha mbao kwa fundi wa mjini, njiani akakata kipande cha mgomba urefu wa mkono hivi, akakizungushia kitenge ambacho Domina alikuwa amemnunulia mtoto, akapigilia misumari. Nyumbani alisema hospitali imekataza kufungua. Mama yake alilipokea sanduku barabarani, akalibeba mwenyewe mpaka kaburini, akalia kama bibi anavyomlilia mjukuu. Silvanus alikuwa bado mjini kwa mgonjwa, hakuambiwa kitu.

Tena kwao kuzika mgomba si jambo la kushangaza. Mtu akizama ziwani asipatikane, ukoo huzika gogo la mgomba mahali pake, ili marehemu atulie na walio hai wapate pa kulilia. Lakini hilo hufanywa mchana, ukoo umekaa, kila mtu anajua kinachoshushwa shimoni. Kalisti aliichukua desturi akaiacha ile sehemu ya kusema. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwake ilikuwa imekwenda miaka ishirini na tisa na ilikuwa bado inaendelea.

Kaburi lilikuja kusakafiwa, likawekwa msalaba na jina. Kila mwezi wa kumi na moja, siku ya kuwaombea marehemu, mke wa Silvanus alilifagia, akalipiga picha akamtumia Domina, na Domina aliitazama picha ile asubuhi nzima huku anashona suruali za watu. Kijijini walikuwa bado wanamwita Mama Anna. Marekani alikuwa Mama Anitha, lakini yeye akihesabu watoto wake alihesabu wawili.

Mwezi wa pili mwaka 2024 Silvanus alipiga simu. Barabara inayopita mbele ya kibanja itapanuliwa, na makaburi yote ya upande ule yatahamishwa mwezi wa sita: la bibi, la baba, la mama, na la mtoto. Domina alisikiliza, akasema hiyo ni kazi ya wanaume, wahamishe tu, waweke misalaba vizuri. Kalisti alishusha pumzi. Mfupa wa mtoto mchanga katika udongo ule wenye maji haukai, Silvanus mwenyewe alisema hivyo. Watakuta udongo, watahamisha udongo, na siri itabaki ilipo. Aliona Mungu amemhurumia.

Mwezi uliofuata ndipo alipokuja Penda.

Penda alikuwa Mmarekani mweusi, mtaalamu wa mifupa ya watu wa kale kwenye chuo kimoja cha Washington. Kiswahili alijifunza darasani, kisha akaishi Morogoro mwaka mzima, na kilikuwa kimenyooka kuliko cha Kalisti mpaka ikawa aibu. Kila akiingia alitoa shikamoo. Chuo chake kilikuwa na maiti mbili za watoto wachanga kutoka Misri ya kale, zilizokaushwa na kufungwa kwa vitambaa, zimekaa ghalani zaidi ya miaka mia bila mtu kujua kilichomo ndani, maana zamani njia ya kujua ilikuwa kukata vitambaa. Mwenye kliniki alikubali mashine yake itumike bure Jumapili, siku ambayo hakuna wagonjwa. Domina aliposikia alicheka, akauliza kama hao ndio mumiani waliotishiwa nao utotoni, wanaonyonya watu damu. Kalisti akamwambia hawa hawana hata ya kwao.

Jumapili ya kwanza walileta kifurushi kimoja ndani ya kasha lenye sponji. Mashine haianzi bila jina na tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo Penda akatoa namba ya ghalani na tarehe wakaibuni. Kalisti alikilaza kifurushi katikati ya kitanda, akakizungushia mito pande zote kama anavyofanya kwa watoto, kisha akakumbuka kwamba huyu hatatikisika. Hakuitoa mito.

Picha zilipokuja, alikuwemo mtoto. Utosi ulikuwa bado wazi, mbavu zilikuwa nyembamba kama miiba ya dagaa, mikono imenyooshwa ubavuni na mtu aliyekuwa na subira. Penda alionyesha taya kwa ncha ya kalamu. Ndani ya mfupa, vijino ambavyo havikuwahi kuota vilikuwa vimejipanga kila kimoja mahali pake. Alikadiria alikuwa wa miezi sita. Alisema meno huanza kuumbika mtoto akiwa bado tumboni, na ndiyo hukaa kuliko kitu kingine chochote mwilini. Huyu alikuwa nayo baada ya miaka elfu mbili na zaidi.

Ulimi hauna mfupa. Kalisti alirudi nyumbani na furaha ya kazi nzuri, akakuta Domina anamenya ndizi za kupika, akamsimulia kila kitu mwanzo mpaka mwisho, kwa mikono na kwa sauti, namna alivyomlaza, namna Penda alivyoshangaa jinsi picha zilivyokuwa safi. Alipofika kwenye meno, kisu cha Domina kikasimama.

"Hata mtoto wa siku mbili?" aliuliza.

Kalisti alikuwa bado anajisikia mtaalamu. Akamjibu kwamba ndiyo, Penda kasema yanaanzia tumboni.

Domina akaendelea kumenya. Kesho yake jioni alipotoka kazini alimwambia mumewe, hata koti hajavua, "Nimeshabook tiketi. Tarehe moja Juni. Naenda kumpokea mwanangu mwenyewe."

Kalisti alijaribu njia zote za mtu aliyebanwa. Alimpigia Silvanus kuuliza kama makaburi yanaweza kuhamishwa mapema. Silvanus akasema tarehe ni ya serikali, si yake. Alimwambia Domina kwamba Misri ni mchanga mkavu na Bukoba mvua haikatiki, mfupa hauwezi kukaa. Domina akamjibu kwa upole kwamba yeye hatafuti mifupa, anatafuta meno, na meno hayaozi, si amesema mwenyewe? Alimtuma Anitha amshawishi mama yake asisafiri peke yake na presha ile. Anitha akaja kutoka Columbia, akaongea Kiingereza saa nzima, mama yake akamjibu Kiswahili saa nzima, na mwisho binti akamkumbatia akamwambia baba yake kwamba Mama lazima aende.

Domina alinunua kisanduku cha mbao cha kuwekea vito, akaanza kukitandika kitambaa cheupe ndani, kwa mishono midogo isiyoonekana. Sanduku la safari alilifungua chumbani wiki nne kabla ya wakati, akawa anatia kitu kimoja kimoja. Siku moja Kalisti alipita akaona juu ya nguo chekecheo jipya, la matundu madogo kabisa, lile la unga laini.

Aliuliza la nini, japo alikwisha kujua.

"La kuchekechea udongo," Domina alisema. "Vijino vyenyewe si vidogo? Wachimbaji hawatakuwa na muda. Nitakaa chini nichekeche mwenyewe."

Kalisti alikwenda bafuni, akafungua bomba, akakaa pembeni mwa beseni. Hadi hapo alikuwa anaogopa kujulikana. Sasa alimwona mkewe, mwanamke wa miaka hamsini na saba mwenye magoti mabovu, amepiga magoti kwenye tope la kibanja mbele ya shemeji na wakwe, anachekecha udongo kutafuta meno ya mgomba. Atachekecha mpaka jua litue. Atasema tumechimba pafupi, ongezeni. Na yeye Kalisti atakuwa Gaithersburg anawaambia watu washike pumzi. Alijichukia siku ile, na hata hivyo hakusema, maana mtu huweza kujichukia na bado akaogopa.

Jumapili ya pili ya Penda, katikati ya mwezi wa tano, ilikuwa ya kifurushi kidogo zaidi, na ndicho kilikuwa kizuri. Vitambaa vilikuwa vimepishanishwa kama mkeka, sura ya mtoto imechorwa usoni, macho makubwa yako wazi. Penda alikuja na msaidizi wake, kijana mmoja wa chuoni aitwaye Mark. Kalisti alikilaza, akarudi nyuma ya kioo, akawasha.

Hapakuwa na mtoto. Pale penye kichwa palikuwa na bonge la udongo. Pale penye kiwiliwili palikuwa na matete yamekatwa sawasawa na kufungwa kamba, yamejazwa vitambaa vilivyokunjwa ili kifua kitune kidogo. Mark alicheka, akasema kwa Kiingereza kwamba hata zamani matapeli walikuwepo, mafundi wa mazishi wamewauzia wazazi matambara.

Kalisti hakucheka. Alisema anarudia. Akarudia kwa picha nyembamba zaidi, akazipitisha moja moja. Akarudia mara ya tatu. Mgonjwa aliye hai haruhusiwi kupigwa mionzi mara tatu bila sababu, na Kalisti hakuwahi kuharibu kazi kiasi hicho katika miaka yake yote. Lakini alikuwa anatafuta ukucha tu, kijino, chochote, kana kwamba akimpata mtoto mle atakuwa amempata na wa kwake. Penda alimwekea mkono begani akamwambia yatosha. Akamtuma Mark kwenye gari akaandae kasha.

"Wewe unaonaje, Mzee Kalisti?" aliuliza. "Hawa wazazi walidanganywa?"

Kalisti alimweleza habari za mgomba. Alimweleza vizuri, kama mtu anayeeleza desturi ya kwao kwa mgeni anayeipenda: ziwa, mtu asiyepatikana, ukoo kukaa, gogo kufungwa sanda, watu kulia kilio cha kweli. Alisema huenda mtoto huyu alichukuliwa na mto. Huenda baba yake alikata matete pale pale ukingoni. Penda aliandika kila neno, kisha akainua kichwa.

"Na mama wa marehemu, naye huambiwa?"

"Huambiwa," Kalisti alisema. "Lazima aambiwe. Asipoambiwa, hayo si maziko."

"Yanakuwa nini?"

Kalisti akageuka akaanza kuzima mashine, swichi moja baada ya nyingine. Penda alikuwa mtu mwenye adabu, hakuuliza tena. Alisema tu kwamba kwenye kadi ya kifurushi hicho wenzake watataka liandikwe neno bandia.

"Usiandike bandia," Kalisti alisema. "Andika kwamba hatujui kama mama yake alijua."

Hakukumbuka baadaye jinsi alivyoendesha kurudi. Ilikuwa saa tisa mchana. Domina alikuwa sebuleni, miwani puani, kisanduku mapajani, anamalizia upande wa mwisho wa kitambaa. Alimuuliza kama wa leo naye alikuwa na meno. Kalisti akakaa kwenye kiti kinachomtazama.

"Mama Anitha, weka sindano chini."

Domina akaichomeka kwenye kitambaa.

"Mle kaburini hamna mtoto. Nilizika mgomba. Anna walimzika hospitali, na wengine, kabla sijarudi na watu wa damu. Sikumkuta."

Domina hakupiga kelele. Alikaa vile vile, kisanduku mapajani, kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake anayesubiri mwenyewe aitike. Baadaye akaanza kuuliza, taratibu, na Kalisti akamjibu. Nani anajua? Hakuna. Mama yako? Hakumwambia. Alionyeshwa mahali? Alionyeshwa upande tu, kwenye uzio. Kwa nini hakumpeleka hata baadaye, alipopona, au mwaka uliofuata, au walipokwenda likizo mara tatu na Anitha? Kalisti alisema kila mwaka uliopita ulikuwa unafanya jambo lile liwe gumu zaidi. Ilikuwa kweli, na hata masikioni mwake yeye mwenyewe ilikuwa haina maana.

"Na kile kitenge?" Domina aliuliza.

"Nilikifungia mgomba."

"Kwa hiyo yeye alivikwa nini?"

"Shuka ya hospitali," Kalisti alisema. "Safi."

"Uliiona?"

Kalisti akatazama kisanduku.

"Uliiona, Kalisti?" Hakuwa amemwita jina lake tangu Anitha azaliwe.

"Sikuiona."

Domina alivua miwani. Machozi yalikuwa yanashuka bila sauti yoyote, na alizungumza kwa sauti ya kawaida, ile ya kumwambia mteja nguo yake haitakuwa tayari Ijumaa. "Usinifariji tena," alisema. "Miaka yote nimemsimulia mgomba habari za mdogo wake. Nimemwambia Anitha kaolewa. Yeye yuko peke yake huko nyuma ya hospitali, hata mtu mmoja hajapita kumwambia pole."

Kalisti alitaka kumshika mkono. Domina akainuka, akakiweka kisanduku mezani, sindano ikiwa bado imechomekwa kwenye kitambaa, akaingia chumba cha Anitha akafunga mlango. Hakurudi kulala chumbani kwao.

Wiki zile zilizobaki walizungumza habari za chumvi na taka tu. Siku ya safari Domina alikwenda uwanja wa ndege wa Dulles na Anitha. Kalisti aliposhika sanduku kulipeleka garini aliona chekecheo limeachwa sakafuni. Kisanduku nacho kilibaki mezani, na hakuthubutu kukigusa.

Siku kumi hakusikia kitu. Siku ya kumi na moja Silvanus alipiga simu, na hasira yake ilitangulia salamu. Domina alikuwa ameomba ukoo ukae kabla wachimbaji hawajaanza. Alisimama mbele ya kaburi, akawaambia kwa Kihaya kilichomo na jinsi kilivyoingia, bila kuongeza wala kupunguza, na bila kumtukana mumewe. Wanawake wengine walilia, wengine waliondoka. Silvanus alisema yeye alitoa damu siku ile, angestahili hata yeye kuambiwa. Alisema mama yao amekufa akimwombea mgomba. Wachimbaji walikuta misumari yenye kutu na udongo mweusi. Walipouliza waupeleke wapi, Domina aliwaambia waache barabara ipite.

Jumatano iliyofuata, asubuhi, alikuwa ameegesha gari mbele ya kliniki anasubiri kufungua, simu ikaita. Ilikuwa ya picha. Domina alikuwa amejifunga khanga kiunoni, jua la mchana wa kule liko usoni mwake, na alikuwa amekonda.

"Niko hospitali," alisema. "Nitakugeuzia. Angalia."

Akaigeuza simu. Kalisti aliona jengo jipya la wazazi, refu, rangi ya krimu. Aliona kamba zilizoanikwa mashuka, bodaboda zimepangwa kivulini, ukuta wa matofali, majani yaliyofyekwa. Uzio wa miti haukuwepo. Domina alisema mlinzi mmoja mzee amemwambia zamani watoto walizikwa upande huu, lakini naye alisimuliwa tu. Alikwenda polepole mpaka kwenye kona ya ukuta, mahali palipokuwa na nyasi ndefu kidogo na tundu la panya.

"Ni hapa?"

Kalisti alisogeza simu karibu na macho. Alitafuta kitu anachokijua, mteremko, jiwe, mti. Mkewe alikuwa amesafiri nusu ya dunia na alikuwa na mshumaa mkononi. Angesema ndiyo, Domina angepiga magoti pale kwenye nyasi, angeuwasha, angerudi nyumbani akiwa na mahali. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Alikuwa amelizoea neno la namna hiyo, halikuwa na uzito wowote kulitamka.

"Sijui," alisema. "Sijui, Domina. Palikuwa na uzio wa miti, sasa haupo. Inaweza kuwa hapo, inaweza kuwa chini ya jengo. Sijui."

Simu ilishuka, akaona miguu yake tu, viatu vya kazini vyenye vumbi jekundu. Alisubiri akate.

"Sawa," Domina alisema. "Basi nitazunguka pote."

Akaanza kutembea kufuata ukuta. Kila baada ya hatua chache alisimama akaita jina la mtoto, si kwa kulia, kama mama anavyomwita mtoto aliyekwenda kucheza nyuma ya nyumba. Alipita kwenye mashuka, akapita kwenye bodaboda, vijana wakamtazama wakanyamaza. Mgonjwa wa kwanza wa Kalisti alikuwa amekwisha kufika, amesimama mlangoni anaangalia saa. Kalisti hakushuka garini.

Walipofika kona ya pili Domina alipumzika, amejishikilia ukutani. Kisha akaigeuza simu, wakatazamana.

"Mimi sikumwona hata siku moja," alisema. "Wewe ulikaa naye siku mbili. Anaijua sauti yako. Mwite."

Kalisti akashusha kioo cha gari, bila kujua kwa nini, akamwita Anna. Sauti ilitoka ndogo. Domina akasema hasikii, akainyoosha simu mbele yake kuelekea nyasi, akaanza tena kutembea, na Kalisti akaita kwa nguvu, akaita tena, mpaka wakamaliza ukuta wote.